Picha Inayoogopwa ni Iliyotundikwa

Jumapili ya tarehe 15 Septemba 1974, mvua ya rasharasha ikinyesha, kikundi cha wachoraji kilifika kwenye uwanja mtupu wa Belyaevo, pembezoni mwa Moscow, kila mmoja na picha zake mikononi. Hapakuwa na ukumbi wala ukuta. Walikusudia kuzishika wenyewe au kuziegemeza kwenye miguu ya mbao, ili mpita njia asimame atazame. Siku kadhaa kabla walikuwa wameiandikia barua halmashauri ya jiji kuijulisha, nayo haikukubali wala haikukataa. Lakini walipofika walikuta wanaume wenye makoleo na miche ya miti, waliodai kuwa ni wananchi wa kujitolea waliokuja kutengeneza bustani, siku hiyo hiyo, mahali hapo hapo. Nyuma yao yalikuwapo matingatinga, malori, na magari ya kuoshea barabara yaliyojaa maji.

Mambo yalikwenda haraka. Picha zilinyang'anywa, zikakanyagwa topeni, nyingine zikarushwa ndani ya malori, nyingine zikatiwa moto. Magari ya maji yakawafukuza watazamaji. Oscar Rabin, aliyekuwa kichwa cha shughuli ile, alidandia chuma cha mbele cha tingatinga, akaning'inia hapo huku miguu ikiburuzwa, na mashine haikusimama upesi. Mwandishi wa New York Times alipigwa kwa kamera yake mwenyewe mpaka jino likavunjika.

Swali ninalotaka tulishike tangu hapa ni hili: kwa nini? Dola ya Kisovieti iliyokuwa na makombora ya nyuklia na vyombo angani ilitishwa na nini katika picha chache za rangi ya mafuta? Wala picha zenyewe hazikuwa siri. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 Rabin alikuwa akifungua mlango wa chumba chake, katika kambi ya mabanda ya Lianozovo, kila Jumapili, rafiki na rafiki wa rafiki wakaja kutazama. Polisi walijua, majirani walijua. Miaka ikapita bila tingatinga.

Kwa maoni yangu, historia ya uchoraji wa Kirusi katika karne ya 20 inaeleweka vibaya kwa sababu tunaisoma kama historia ya mitindo: huyu alichora miraba, yule alichora wafanyakazi wenye misuli. Isomwe kama historia ya maonyesho. Kilichoamua uhai na kifo cha picha hizi ni nani alikuwa na ukuta, nani alishika ufunguo wa mlango, na nani aliruhusiwa kuingia. Mchoro ulio chini ya kitanda ni jambo la mtu na nafsi yake. Ukitundikwa, watu wawili wasiofahamiana wakasimama mbele yake wakaanza kubishana, hapo kuna mkutano ambao hakuna aliyeutolea kibali.

Msomaji wa Kiswahili atanivumilia nikikaa kidogo kwenye neno tingatinga, kwa maana kwetu lina maana mbili. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, miaka miwili kabla ya siku ile ya Belyaevo, alichora kwa rangi za dukani kwenye mbao laini za dari, na kazi zake zikauzwa nje, kando ya Morogoro Stores, Oyster Bay, Dar es Salaam. Hakuhitaji kamati wala kadi ya chama ili simba na ndege wake waonekane barabarani. Jambo hilo huwa tunalichukua kama la kawaida. Wenzetu wa Moscow walifukuzwa kwa matingatinga wakilitafuta.

Turudi nyuma, Desemba 1915, Petrograd, mji ambao baadaye uliitwa Leningrad. Katika jumba la sanaa la Nadezhda Dobychina, karibu na Uwanja wa Mars, yalifunguliwa maonyesho yenye jina la ajabu, 0.10, ambayo waandaaji waliyaita ya mwisho ya wafuturisti, wasanii waliotaka kuachana na sanaa ya zamani. Wachoraji walikuwa 14. Kazimir Malevich alileta kazi 39 ambazo alikuwa amezificha hata kwa wenzake, na Vladimir Tatlin alileta vitu vyake vya chuma, mbao na kamba vilivyoning'inizwa kwenye pembe ya kuta. Wawili hawa hawakupikika chungu kimoja. Kambi ya Tatlin ilibandika kwenye mlango wa chumba chake tangazo kwamba humo ni kwa wachoraji wa kweli, wenye taaluma, wapate kutofautishwa na ile miraba ya jirani.

Imebaki picha moja maarufu ya kamera ya ukuta wa Malevich. Ukiitazama kwa makini utaona turubai zimepangwa bila mistari, kubwa na ndogo, zimepandana mpaka karibu na dari, na chini kuna kiti. Juu kabisa, pale kuta mbili zinapokutana, umewekwa Mraba Mweusi, umeinama kidogo kuelekea chini kwa mtazamaji. Mrusi yeyote wa wakati ule aliijua ile pembe. Nyumbani kwao ndipo ikoni, yaani picha takatifu, inapokaa, pembe wanayoiita nyekundu, na mgeni anayeingia huielekea kwanza na kufanya ishara ya msalaba. Mkosoaji Alexandre Benois alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu alikuwa ameelewa. Mraba ule ukiutoa kwenye pembe ukauweka mezani, ni turubai ya sentimita 79.5 kila upande. Ukiwa kwenye pembe ni kauli kuhusu Mungu, kuhusu nyumba na kuhusu zama zijazo. Pale, namna ya kutundika ilikuwa nusu ya kazi yenyewe.

Wengi wameuona mraba huo kwenye skrini tu, wakadhani ni weusi mtupu. Rangi yake imepasuka. Mipasuko imetapakaa kama ardhi ya kiangazi, na ndani yake yanachungulia mekundu, manjano na kijani. Mwaka 2015 wataalamu wa Jumba la Tretyakov, makumbusho ya sanaa ya Moscow, walitangaza kwamba chini ya weusi ule kuna michoro miwili ya awali yenye rangi. Malevich hakuanza na turubai tupu. Alifunika kitu.

Baada ya Mapinduzi ya 1917 ukatokea muda mfupi usio wa kawaida: watu hawa hawa wakakabidhiwa ufunguo. Marc Chagall akawa kamishna wa sanaa mjini Vitebsk na kufungua shule ya sanaa, ambako Malevich alimfuata na baadaye kumzidi nguvu kwa wanafunzi. Alexander Rodchenko aliongoza ofisi ya serikali ya kununua picha za kisasa, na karibu kazi 2,000 zikasambazwa kwenye makumbusho ya mikoani, katika miji 30. Hakuna serikali nyingine duniani wakati ule iliyokuwa ikifanya hivyo, na siwezi kulisema jambo hili bila kuliheshimu. Chakula hakipo, vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaendelea, na kuna mtu ofisini anaandika orodha ya turubai za kupeleka mji wa mbali ili watoto wa huko wazione. Septemba 1921, mjini Moscow, Rodchenko alitundika turubai tatu, moja nyekundu, moja manjano, moja buluu, akasema uchoraji umefika mwisho wake. Alidhani mwisho huo utaamuliwa na wachoraji.

Uliamuliwa kwingine, na anayeuonyesha vizuri kuliko wote ni Pavel Filonov.

Filonov alizaliwa mwaka 1883, akalelewa katika umaskini, akaja kuwa mchoraji wa namna ya pekee. Alishika brashi nyembamba na kuanza pembe moja ya turubai, akisonga nukta kwa nukta, kila nukta akiitaka iwe imetendwa kwa juhudi kamili, mpaka turubai kubwa kuliko mlango ijae nyuso, mimea, farasi na madirisha vilivyofumana kama utando. Aliamini mapinduzi kwa moyo wote. Alikataa kuuza picha zake, hata wageni walipotaka kununua kwa fedha nzuri, kwa sababu alitaka zote kwa pamoja ziwe mali ya dola na zijengewe makumbusho. Aliishi kwa chai na mkate, na shajara yake inaonyesha siku ambazo hata huo mkate ulikuwa wa kuhesabu.

Mwaka 1929 Makumbusho ya Urusi, Leningrad, iliandaa maonyesho yake peke yake. Picha zilitundikwa. Katalogi ikachapwa. Kisha mlango haukufunguliwa. Makala ya katalogi iliondolewa, ikaandikwa nyingine iliyomkosoa mchoraji anayetambulishwa. Waliitwa wafanyakazi wa viwandani waje watazame na kutoa hukumu, na wengi wakasema wananchi waruhusiwe kuona. Haikusaidia. Miezi ikapita, picha zikiwa ukutani na umma ukiwa nje, mpaka zikateremshwa. Huwa najaribu kuwaza kumbi zile nyakati za jioni: taa zimezimwa, picha zipo mahali pake, na upande wa pili wa ukuta watu wanapita barabarani kwenda makwao. Dola haikuzichana wala kuzichoma. Ilikalia mlango, basi.

Filonov alikufa tarehe 3 Desemba 1941, wakati Leningrad imezingirwa na Wajerumani na watu wakifa kwa njaa. Dada yake, Evdokia Glebova, alizifikisha kazi zake kwenye makumbusho yale yale yaliyokataa kuzionyesha, na mwaka 1977 akazitoa rasmi kama zawadi. Mwaka 1967 mtu mmoja jasiri, Mikhail Makarenko, alionyesha picha za Filonov katika mji wa wanasayansi karibu na Novosibirsk, Siberia. Baadaye Makarenko alifungwa. Leningrad yenyewe ilisubiri mpaka 1988.

Maonyesho makubwa ya mwisho yaliyowaweka wote pamoja yalifanyika Leningrad mwaka 1932, kuadhimisha miaka 15 ya sanaa ya Jamhuri ya Urusi. Nikolai Punin, aliyeyapanga, alimpa Malevich chumba na Filonov chumba. Mwaka huo huo, tarehe 23 Aprili, azimio la chama lilikuwa limevunja vikundi vyote vya waandishi na wasanii ili viwe chini ya miungano ya dola. Maonyesho yalipohamia Moscow mwaka 1933, kazi za kina Malevich zilibanwa na kuonyeshwa kama mfano wa upotofu. Malevich alifariki mwaka 1935. Punin alifia katika kambi ya wafungwa ya Abez, kaskazini ya mbali, mwaka 1953. Mraba Mweusi ukawekwa stoo, na umma haukuuona tena hadi miaka ya 1980.

Wapo wanaosema kwamba uhalisia wa kijamaa, mtindo rasmi wa dola, ulishinda kwa sababu watu wa kawaida waliupenda. Siwadharau wachoraji wake. Aleksandr Deineka alikuwa fundi wa hali ya juu, na turubai zake za wanamichezo na warubani zina hewa na mwendo ambao wengi wa leo hawaufikii. Lakini huwezi kusema timu imeshinda mechi ambayo mpinzani hakuruhusiwa kuingia uwanjani. Kadi ya muungano wa wachoraji ndiyo iliyokupa chumba cha kufanyia kazi, rangi nzuri, na oda za viwanda na mashamba ya pamoja. Kila maonyesho yalikuwa na kamati ya kuchuja. Asiye na kadi hakuhesabiwa kuwa mchoraji, na tangu 1961 asiye na kazi inayotambuliwa angeweza kushtakiwa kwa kuishi kama kupe. Ndiyo maana wengi wao waliandikishwa kama walinzi wa usiku, wachochea moto wa mitambo ya kupasha majengo joto, au wachoraji wa vitabu vya watoto. Mfumo ulimbana mtu kwa karatasi zaidi ya risasi.

Khrushchev, kiongozi wa dola ya Kisovieti, aliponyanyua sauti katika ukumbi wa Manege, Moscow, tarehe 1 Desemba 1962, akiwatukana vijana waliotundika kazi zao ghorofa ya juu usiku uliotangulia, aliongeza aibu tu juu ya utaratibu uliokuwapo. Ernst Neizvestny, mchongaji aliyebishana naye uso kwa uso siku ile, ndiye ambaye baadaye familia ya Khrushchev ilimwomba atengeneze jiwe la kaburi la kiongozi huyo. Alilitengeneza kwa marumaru nyeupe na granaiti nyeusi.

Sasa, picha zilizokosa ukuta zilikwenda wapi? Nyingine zilikuwa mbao. Nasema mbao kweli. George Costakis, Mgiriki mzaliwa wa Moscow aliyekuwa mtumishi katika ubalozi wa Kanada, alianza mwaka 1946 kutafuta kazi hizi majumbani mwa wajane na ndugu. Katika nyumba moja ya shamba karibu na Zvenigorod, ya mtu wa ukoo wa Lyubov Popova, alikuta dirisha limezibwa kwa kipande cha plaiwudi. Upande wa pili wa plaiwudi ile kulikuwa na mchoro wa Popova. Mwenye nyumba hakukataa kuutoa, ila mvua ingeingia, basi alete plaiwudi nyingine ya ukubwa ule. Costakis akarudi mjini, akaitafuta, akaileta. Alipohama nchi mwishoni mwa miaka ya 1970 aliachia Jumba la Tretyakov sehemu kubwa ya mkusanyo wake, na kazi 1,275 alizoondoka nazo zilinunuliwa na dola ya Ugiriki mwaka 2000. Zipo Thessaloniki.

Igor Savitsky alichagua njia nyingine, ya umbali. Alifika Karakalpakstan, Uzbekistan, mwaka 1950 kama mchoraji wa msafara wa wanaakiolojia, akapapenda, akakaa. Mwaka 1966 makumbusho yake yalifunguliwa Nukus, mji wa jangwani ambao mkaguzi wa Moscow hakuwa na sababu ya kuufikia. Akapanda treni tena na tena kwenda Moscow kukusanya turubai za wachoraji waliosahauliwa, mara nyingi kwa ahadi ya kulipa baadaye, na kuzirudisha jangwani kwa maelfu. Kwangu mimi, Savitsky ndiye mtu mkubwa wa habari hii yote, na inaniuma kwamba jina lake halijulikani hata nusu ya jina la Chagall.

Lakini si kila picha ilipata Savitsky, na hapa ndipo uamuzi wa 1932 unapotuuma hata leo. Picha ya Matisse, mchoraji wa Kifaransa, ina njia inayofuatika: ilionyeshwa mwaka fulani, ikauzwa na fulani, ikapigwa picha kwenye katalogi fulani. Picha ya avangadi ya Kirusi, yaani sanaa ya majaribio ya kina Malevich, mara nyingi ina pengo la miaka 50. Ilikuwa chini ya kitanda, darini, kwenye dirisha. Mwenye kughushi hahitaji zaidi ya hapo. Kila uongo wake unaanza na maneno ambayo kwa picha nyingine yalikuwa kweli: ilifichwa kwa shangazi. Fedha nazo zipo, maana Mei 2018 turubai moja ya Malevich ya mwaka 1916 iliuzwa New York kwa dola milioni 85.8.

Mwezi Januari mwaka huo huo, wataalamu na wauza sanaa waliandika barua ya wazi kuhusu kazi 24 za mkusanyo binafsi zilizokuwa zimetundikwa katika makumbusho ya sanaa ya Ghent, Ubelgiji, wakisema hazina historia inayoaminika. Wamiliki walishikilia kwamba ni halisi. Kazi ziliondolewa ukutani, na mkurugenzi wa makumbusho akasimamishwa. Nawasifu zaidi Museum Ludwig ya Cologne. Mwaka 2020 walichunguza kazi 49 kati ya zao wenyewe, wakaona 22 si za wachoraji waliotajwa, kisha wakafanya jambo ambalo makumbusho mengi hayathubutu: wakazionyesha hadharani, bandia kando ya halisi, na kueleza walivyobaini, kuanzia nyuzi za turubai hadi aina ya rangi nyeupe ambayo haikuwapo sokoni tarehe iliyoandikwa. Hiyo ndiyo dawa ninayoitetea. Ugonjwa uliletwa na mlango uliofungwa, na makumbusho yanayoficha mashaka yake stoo yanaufunga mara ya pili.

Hata jina tunalotumia, avangadi ya Kirusi, ni lebo ya ukutani iliyobandikwa na mtu. Malevich alizaliwa Kyiv. Aleksandra Exter alikulia Kyiv, Tatlin alikulia Kharkiv. Tangu vita vya 2022 makumbusho kadhaa ya Ulaya na Marekani yamebadilisha lebo hizo. Wapo wanaolalamika kwamba ni siasa. Lebo ya zamani nayo ilikuwa siasa, ila tulikuwa tumeizoea.

Mykhailo Boychuk, aliyefundisha Kyiv kizazi kizima cha wachoraji wa ukutani, alipigwa risasi Julai 1937, na michoro yao mingi ikaharibiwa. Katika miaka hiyo hiyo turubai za waliotangazwa kuwa maadui wa umma zilikusanywa katika makumbusho ya Kyiv, zikawekwa kwenye hifadhi maalumu ya siri. Zilikaa humo kwa miongo. Novemba 2022, kazi zaidi ya 50 za wachoraji wa zama zile zilipakiwa kwenye malori ya makumbusho hayo hayo bila kutangazwa. Malori yaliondoka asubuhi ya tarehe 15. Saa chache baadaye makombora yakaanza kuangukia Kyiv. Mpakani msafara ulikwama, kwa sababu siku hiyo kombora lilikuwa limeanguka ndani ya Poland na ulinzi ukakazwa. Mwishowe ukapita, ukakata Ulaya hadi Madrid. Miongoni mwa kazi hizo ilikuwamo ya Oleksandr Bohomazov ya mwaka 1927, wanaume wakinoa misumeno yao katika mwanga wa rangi ya chungwa. Tarehe 29 Novemba, siku 14 baada ya kutoka Kyiv, milango ya maonyesho ilifunguliwa, na watu wakaingia.